Jibu Kabla ya Fikra: Woga na Upinzani wa Awali katika Maandishi Matatu Kuhusu Berlin ya Wanazi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usawiri wa woga na upinzani wa awali katika maandishi matatu ya Kijerumani yanayohusu jiji la Berlin chini ya utawala wa Wanazi: tawasifu ya Sebastian Haffner, Geschichte eines Deutschen, riwaya ya Lion Feuchtwanger, Die Geschwister Oppermann, na riwaya ya Hans Fallada, Jeder stirbt für sich allein. Kwa kuongozwa na nadharia ya vitendo-usemi, makala yanadai kwamba katika maandishi haya woga haujitokezi kwanza kama ukimya, bali kama jibu linalotolewa haraka kuliko fikra. Upinzani nao huanza pale jibu hilo linapozuiwa, linapocheleweshwa au linapogeuzwa. Inahitimishwa kwamba Haffner ndiye anayeuchambua mchakato huu kwa undani zaidi, lakini kwamba aibu anayoisimulia haiwezi kupimwa kikamilifu bila kumrejesha katika usomaji yule ambaye jibu hilo lilimwacha nje.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una mazoea ya muda mrefu ya kuuhusisha udhalimu na ukimya. Mhakiki anapokutana na mtawala dhalimu katika matini, hutazamia kukuta upande wa pili watu walionyamazishwa, au wasemao kwa mafumbo kwa sababu usemi wa wazi umefungiwa njia. Mazoea haya yana msingi imara. Sauti ya Dhiki (1973), diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa mfungwa nchini Kenya, inahalalisha usomaji wa aina hiyo tangu katika anwani yake. Methali nayo husema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, kana kwamba anayenyamaza amejiwekea akiba ya nguvu.

Hata hivyo, mtazamo huo umejengwa juu ya dhana moja isiyohojiwa sana: kwamba dhalimu hutaka watu wanyamaze. Maandishi yanayojadiliwa hapa yanatoka katika mazingira ambamo dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli. Utawala ulioingia Berlin mwaka 1933 ulifunga midomo mingi, lakini pia uliifungua. Ulidai salamu, viapo, nyimbo, maombi ya radhi na majibu. Raia hakuulizwa tu kama amenyamaza. Aliulizwa kama ameitikia. Swali linaloongoza makala haya basi ni hili: pale ambapo woga unamfanya mtu aseme, upinzani huanzia wapi?

Swali hili linajibiwa kwa kutumia nadharia ya vitendo-usemi kama ilivyoasisiwa na J. L. Austin na kuendelezwa na John Searle. Nadharia hiyo hushikilia kwamba kusema ni kutenda: anayeahidi, anayeapa au anayeomba radhi haelezi tu jambo, bali analifanya jambo hilo kwa kulitamka. Nadharia hii inafaa kwa kuwa katika maandishi yote matatu, matukio yenye uzito mkubwa ni matukio ya usemi. Risasi na marungu yamo, lakini mara nyingi yako pembeni. Katikati kuna mtu aliyeulizwa.

2.0 Berlin: Neno Lililokatazwa na Neno Lililoamriwa

Adolf Hitler aliteuliwa kuwa kansela tarehe 30 Januari 1933. Jengo la bunge la Reichstag liliteketea usiku wa tarehe 27 Februari, na kesho yake amri ya dharura ikasimamisha uhuru wa kusema, wa magazeti na wa mikutano. Katika uchaguzi wa tarehe 5 Machi, chini ya vitisho vya wazi, chama cha Wanazi kilipata asilimia 43.9 ya kura. Wengi wa wapiga kura hawakukichagua. Tarehe 21 Machi ilitolewa amri nyingine iliyoufanya usemi wa kuikosoa serikali uwe kosa la jinai. Tarehe 1 Aprili maduka, zahanati na ofisi za mawakili wa Kiyahudi ziligomewa kwa amri ya chama, na tarehe 10 Mei vitabu vilichomwa hadharani katika uwanja wa Opernplatz.

Hayo ni makatazo. Sambamba nayo yalikuja maamrisho. Kufikia Julai 1933 watumishi wa umma walikuwa wameagizwa kutumia salamu ya kuinua mkono na kulitaja jina la kiongozi. Salamu ni tendo-usemi lenye pande mbili: huita itikio. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jambo hili, kwa kuwa anajua kwamba shikamoo isiyopata marahaba huacha pengo ambalo kila aliyepo hulisikia. Tofauti ni kwamba shikamoo na marahaba hupanga uhusiano wa watu wawili waliopo, ilhali salamu ya Wanazi ilimwingiza kati yao mtu wa tatu asiyekuwapo. Kila mkutano wa kawaida, dukani au kazini, ukageuka kuwa mtihani mdogo wa utii. Asiyeitikia hakuwa amenyamaza, alikuwa amejibu.

Mazingira haya ndiyo yanayoyaunganisha maandishi matatu yaliyoandikwa katika nyakati tofauti. Feuchtwanger, mwandishi wa Kiyahudi aliyekuwa ziarani Marekani wakati Hitler alipoingia madarakani, na ambaye nyumba yake ya Berlin ilivamiwa, aliandika riwaya yake uhamishoni nchini Ufaransa na kuichapisha Amsterdam mwaka huohuo wa 1933. Haffner, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Raimund Pretzel, aliandika tawasifu yake nchini Uingereza mwaka 1939, akaiacha bila kuimaliza. Ilichapishwa mwaka 2000, baada ya kifo chake. Fallada alibaki Ujerumani muda wote, akaandika riwaya yake mwaka 1946 kwa muda usiotimia mwezi mmoja, nayo ikatoka mwaka 1947, mwaka aliofariki.

3.0 Haffner: Neno Moja Maktabani

Haffner anaisimulia habari yake kama pambano la watu wawili wasiolingana: dola yenye nguvu zote na mtu binafsi asiyejulikana. Msomaji hutazamia kwamba pambano hilo litafikia kilele kwa kukamatwa au kupigwa. Badala yake, kilele chake ni neno moja.

Tukio lenyewe linatokea tarehe 31 Machi 1933 katika maktaba ya Kammergericht, mahakama ya rufaa ya Berlin, ambako Haffner alikuwa mwanasheria katika mafunzo. Kelele zinasikika kutoka nje. Habari inaenea kwamba wanamgambo wa SA wamo jengoni na kwamba wanawatoa Wayahudi. Kuna wasomaji wanaofunga vitabu vyao na kuondoka. Hatimaye mwanamgambo mwenye sare ya kahawia anasimama mbele ya meza ya Haffner na kumuuliza kama yeye ni Mwarya. Haffner anakubali, kwa neno moja. Anabaki mezani. Ndipo damu inapompanda usoni, wakati jibu limekwisha kutoka.

Kwa kigezo cha ukweli wa taarifa, jibu hilo halina kasoro: kwa vipimo vya Wanazi, Haffner alikuwa kama alivyosema. Hakudanganya, hakumsaliti mtu kwa jina, hakuapa kiapo chochote. Kama usemi ungekuwa ni kutaarifu tu, aibu anayoieleza isingeeleweka. Inaeleweka pale tu jibu linapotazamwa kama tendo. Swali la mwanamgambo lilikwisha kuchukulia mambo mawili kuwa kweli kabla ya kujibiwa: kwamba binadamu hugawanyika katika makundi hayo, na kwamba mwenye sare anayo haki ya kuuliza. Aliyekubali aliyakubali yote mawili pamoja na lile la tatu aliloulizwa. Kwa kweli, hata aliyekana angeyakubali mawili ya kwanza. Jibu pekee lililokuwa nje ya mtego ni lile la kulikataa swali lenyewe, na hilo ndilo ambalo Haffner, kwa ushahidi wake mwenyewe, halikumjia kwa wakati.

Mfasiri wa Kiswahili wa tukio hili angetumia neno ndiyo, na umbo la neno hilo lingelifichua jambo ambalo neno la Kijerumani halilionyeshi kwa umbo lake. Ndiyo limeundwa na ndi-, kiambishi cha kusisitiza utambulisho, pamoja na -yo ya urejeshi. Anayelitamka husema, kwa asili ya neno, kwamba habari iliyoulizwa ndiyo yenyewe. Halihusu sifa za msemaji peke yake. Linaithibitisha kauli ya muulizaji. Hapa lugha ya Kiswahili inasaidia kuona kwamba aibu ya Haffner haitokani na alichokisema juu yake mwenyewe, bali na alichokithibitisha juu ya ulimwengu.

Kipengele cha pili ni cha wakati. Haffner anasisitiza kwamba jibu lilitangulia fikra. Katika Kiswahili, woga kwa kawaida huelezwa kama kitu kinachomjia mtu kutoka nje: mtu hushikwa na hofu, huingiwa na hofu, hutiwa hofu. Vitenzi viko katika kauli ya kutendwa na mtu ni mtendwa. Haffner anaeleza mwelekeo ulio kinyume. Woga wake haukumwingia. Ulimtoka, na ulitoka ukiwa umevaa sura ya neno la kawaida, tulivu, lisilo na mtetemo. Yeye mwenyewe hakuutambua mpaka alipoisikia sauti yake. Huu ni mchango mkubwa wa tawasifu hii katika ufahamu wa woga: kwamba mtu anaweza kuwa ameshatenda kwa woga kabla hajajua kwamba anaogopa.

Haffner anaongeza uchungu wa tukio kwa kukumbusha kwamba katika karne ya 18 mahakimu wa mahakama hiyohiyo walikubali kutiwa kizuizini na Mfalme Friedrich wa Pili kuliko kuibadili hukumu kwa amri yake. Mfalme yule alidai jibu na hakulipata. Wanamgambo walilipata bila kumgusa mtu huyo hata kwa kidole.

4.0 Mlangoni na Kambini

Ikiwa hali ni hiyo, upinzani wa awali katika tawasifu ya Haffner una umbo gani? Umbo lake ni la unyonge kiasi cha kuchekesha. Vikosi vya SA vilipopita barabarani na bendera, wapita njia walitakiwa kuinua mkono, na asiyeinua alihatarisha kupigwa. Haffner na wengine kama yeye walijifunza kuchepukia katika mlango wa nyumba yoyote iliyo karibu na kungoja bendera ipite. Ni mbinu ambayo Mswahili angeieleza kwa methali ya kufunika kombe mwanaharamu apite.

Wahakiki wanaopima upinzani kwa matokeo wataiona mbinu hii kuwa si kitu. Kwa mtazamo wa vitendo-usemi, hata hivyo, mlango ule ni mahali pa maana. Anayesimama njiani hana ila majibu mawili, na yote mawili yanaeleweka kwa utawala. Anayeingia mlangoni anaitoroka hali ya kuulizwa. Hajakataa, lakini hajathibitisha. Ameilinda kwa dakika mbili nafasi ambamo jibu lake bado ni mali yake.

Haffner hauachi mlango huo ukawa faraja. Katika vuli ya mwaka 1933 yeye na wanasheria wenzake walipelekwa kwa lazima katika kambi ya mafunzo huko Jüterbog, kusini mwa Berlin. Huko walivaa sare, wakaandamana na kuimba. Walipopita vijijini na bendera, watu walichepukia milangoni, kama yeye alivyokuwa akifanya. Aliyekuwa akiulizwa amekuwa sehemu ya swali. Jioni moja, baada ya hotuba ya Hitler redioni, nyimbo za taifa na za chama zinapigwa na mikono inainuka. Haffner anauinua wake, akitambua kwamba kila mmoja chumbani ni askari wa siri wa mwenzake. Hakuna mlango tena, kwa kuwa muulizaji hana sare ya peke yake. Amesambaa katika macho ya wote.

Ulinganishi wa matukio haya mawili unaonyesha kwamba ukimya, katika mazingira haya, hauwezi kuchukuliwa kuwa akiba ya nguvu. Kimya cha mlangoni hakikukusanya mshindo wowote. Kilimpa mtu muda, na muda huo usipotumiwa kwa jambo jingine, huisha.

5.0 Feuchtwanger: Radhi Isiyoombwa

Die Geschwister Oppermann inaifuata familia ya Kiyahudi ya Berlin, wenye biashara ya samani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1932. Tukio linalohusiana zaidi na mjadala huu ni la Berthold, kijana wa shule. Mwalimu mpya wa Kinazi, Vogelsang, anamkatiza katika mhadhara wake darasani kuhusu Arminius, shujaa wa kale wa Wajerumani, kwa sababu kijana amethubutu kuyapima kwa akili manufaa ya ushindi wa shujaa huyo. Mwalimu anamtaka aombe radhi. Berthold anaona kwamba hakusema uongo, na hivyo hana cha kuombea radhi.

Searle anaeleza kwamba kuomba radhi kuna sharti la unyoofu: anayeomba anapaswa kuwa anajuta. Vogelsang hajali sharti hilo. Hahitaji kijana ajute; anahitaji maneno yatamkwe mbele ya watu. Kwa hakika, radhi isiyo na majuto inamfaa zaidi, kwa kuwa inathibitisha kwamba mtu anaweza kutenganishwa na maneno yake. Hili ndilo ambalo Berthold, kwa ukaidi wa ujana, analitambua vizuri kuliko wakubwa wake. Mkuu wa shule, mtu mwenye elimu pana na anayemhurumia, anaahirisha jambo hilo kadiri awezavyo, na mwishowe anashindwa kumlinda. Kijana anajiua kabla ya kulazimishwa kutamka.

Nguvu ya sehemu hii haina shaka, lakini ina hatari yake. Kwa kuufanya ukataaji mkamilifu uishie kaburini, riwaya inaelekea kuutenga upinzani na watu wa kawaida na kuufanya fungu la wachache wenye roho ya pekee. Feuchtwanger anaisawazisha hatari hiyo kwa mhusika Gustav, ami yake Berthold, mtu wa starehe na vitabu, ambaye anatia saini tamko la kupinga ushenzi katika maisha ya umma karibu bila kulipima. Saini hiyo inamlazimu kukimbia nchi. Baadaye anarejea kwa jina la bandia, anafungwa kambini, na mateso ya huko yanamgharimu maisha. Gustav ni kinyume cha Haffner aliye kama kivuli chake. Wote wawili wanajibu kabla ya kufikiri: mmoja anakubali, mwingine anakataa. Tofauti yao haimo katika ushujaa wa dakika ile, bali katika yale ambayo kila mmoja anayafanya na jibu lake baada ya kugundua uzito wake.

6.0 Fallada: Kimilikishi na Kadi

Riwaya ya Fallada inaanza mwaka 1940, na kwa kalenda haihusu miaka ya mwanzo ya utawala. Inastahili kuwamo humu kwa sababu upinzani wa awali hauna budi kupimwa pia kwa umri wa ukataaji ndani ya mtu. Otto Quangel, msimamizi wa karakana, ameishi miaka saba ya Unazi bila kuupinga. Riwaya ina msingi wa kihistoria: Fallada alitumia jalada la polisi wa siri kuhusu Otto na Elise Hampel, mume na mke wa tabaka la wafanyakazi wa Berlin waliosambaza kadi za kuupinga utawala, wakahukumiwa na kuuawa katika gereza la Plötzensee tarehe 8 Aprili 1943.

Kinachomwamsha Quangel si kifo cha mwanawe vitani peke yake. Ni kimilikishi. Anna, mkewe, katika uchungu wa kuipokea barua ya msiba, anamtaja mumewe na kiongozi kwa pamoja, akimwita kiongozi huyo kuwa ni wake Otto. Kiambishi hicho cha nafsi ya pili kinamchoma, kwa kuwa ni tuhuma asiyoweza kuikana: hakusema la, kwa hiyo alikuwa amekubali. Kadi zake zote zinaweza kusomwa kama juhudi ya kukirudisha kimilikishi hicho mahali pake.

Kadi hizo zinazidisha utata wa hoja. Quangel anaziacha kwenye ngazi za majengo akiamini kwamba zitapita mkono kwa mkono. Karibu zote zinapelekwa polisi na waliozikuta. Anayeokota kadi anajiona ameulizwa swali, na woga wake unalijibu kabla hajaisoma mpaka mwisho. Mchoro wa Haffner maktabani unajirudia hapa mara nyingi, katika watu wasio na majina. Msomaji pekee aliyezisoma kadi zote ni Escherich, ofisa wa polisi wa siri anayemsaka mwandishi wake, na ndiye pekee anayebadilishwa nazo, anajiua. Kinaya hicho si pambo. Kinaonyesha kwamba neno la upinzani lilihitaji kitu ambacho utawala ulikuwa umekiharibu, yaani msikilizaji mwenye nafasi ya kuchelewesha jibu.

7.0 Aliyeachwa Nje ya Jibu

Inabaki kuupima mpaka wa usomaji huu. Haffner anaisimulia aibu yake kwa ukweli unaomheshimisha, lakini aibu hiyo ni yake. Katika maktaba ile, kukubali kwake kulikuwa na watu wawili ndani yake: aliyebaki mezani na aliyefunga kitabu akaondoka. Wa pili hana jina, hana sauti, wala hakuulizwa. Mtazamo wa tawasifu unabaki kwa wa kwanza. Anayeisoma peke yake anaweza kuhitimisha kwamba madhara makubwa ya siku ile ni jeraha katika heshima ya mwanasheria kijana.

Hapo ndipo riwaya ya Feuchtwanger, ambayo kwa uchambuzi wa nafsi ni hafifu kuliko tawasifu ya Haffner, inapokuwa ya lazima. Inamfuata yule aliyetoka mlangoni. Inaonyesha kwamba kwake swali halikuwa na jibu lolote la kumwokoa, na kwamba nafasi ya kuona aibu baadaye, mbele ya vitabu vyake, ilikuwa yenyewe ni fungu la waliobaki. Usomaji wa maandishi haya kwa pamoja unaifanya aibu ya Haffner isiwe mwisho wa habari, bali ushahidi wa deni.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba katika maandishi matatu kuhusu Berlin ya Wanazi, woga ni usemi kabla ya kuwa ukimya, na upinzani wa awali ni kazi ifanywayo juu ya jibu: kulizuia, kulichelewesha au kuligeuza. Dai hili lina faida mbili kwa uhakiki. Kwanza, linatoa kigezo cha kuyasoma matendo madogo, kama kuchepukia mlangoni au kuacha kadi ngazini, bila kuyakuza kuwa ushujaa na bila kuyadharau kwa kuwa hayakuuangusha utawala. Pili, linautaka uhakiki wa Kiswahili uyatazame upya mazoea yake. Fumbo na kimya ni silaha pale ambapo dhalimu amewaacha watu na nafasi ya kutoeleweka. Pale ambapo amekuja mpaka mezani na kuuliza, fumbo limechelewa, na kimya ni jibu mojawapo. Kilichobaki ni muda mfupi sana kati ya swali na ulimi, na maandishi haya yanaonyesha kwamba muda huo hauokolewi siku ya kuulizwa, bali katika siku za kawaida zilizotangulia, ambamo mtu hujizoeza kutolikubali swali kwa sababu tu limeulizwa na mwenye nguvu.